Uchovu wa Mzee Yahaya

Pale kituo cha maguta nyuma ya soko, Sylvester alikuwa na kazi mbili: kubeba mizigo ya watu na kumsumbua Mzee Yahaya. Ya kwanza alilipwa. Ya pili aliifanya bure, tena kwa bidii zaidi.

"Mnyamwezi, umeshalipa hongo ya kupita?" angeanza asubuhi, hata guta lake halijazimika vizuri. "Babu yako alipita kwetu Ugogo na pembe la ndovu kichwani, akaacha kwanza shuka mbili ndipo akaonyeshwa kisima. Wewe unapita bure kama mkuu wa wilaya?"

"Na babu yako alizipokea hizo shuka," angejibu Mzee Yahaya bila kugeuka, "akazimaliza, mwaka uliofuata akakaa tena njiani kanyoosha mkono. Mpaka leo hamjaukunja."

Wagogo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na utani wa namna hiyo hauna likizo. Ukivaa viatu vipya, mtani atakuuliza marehemu alikuwa nani. Ukifa, atashuka kwenye kaburi lako kabla yako, alale humo, agome kutoka mpaka apewe chochote. Hakuna cheo kinachokukinga, wala umri.

Kwa hiyo siku ile Tunu alipofika kituoni, akamkuta Sylvester ameinama mbele ya Mzee Yahaya, mikono nyuma, anasema kwa sauti ya msikitini, "Shikamoo, mzee wangu," alijua kuna jambo limeharibika.

"Marahaba," akajibu Mzee Yahaya. Akatazama pembeni.

Basi. Hakuna hongo, hakuna shuka. Madereva wengine walikuwa wanachunguza matairi yao kama watu waliotumwa kuyanunua.

Tunu alisomea kompyuta Dodoma, akarudi Tabora na cheti, laptopu na miwani. Kazi hakurudi nayo. Akakaa nyumbani Isevya mpaka mama yake akaanza kumwita "injinia" kwa sauti ambayo si ya kusifu. Ndipo akawatazama madereva wa maguta, zile pikipiki za matairi matatu zenye bodi la mizigo nyuma, akaona kazi pale.

Zamani mizigo iligawiwa na mwenyekiti wao, Vedasto, akiwa juu ya kiti cha plastiki. Aliyemsalimia vizuri alipata magodoro ya kupeleka mtaa wa pili. Aliyesahau alipata saruji. Vedasto mwenyewe hakuona ubaya wowote. Alisema anakuza nidhamu.

Tunu alikiondoa hicho kiti. Alitengeneza programu ikawekwa kwenye simu ya kila dereva, na ndani ya kila simu akaishi mtu asiyeonekana, ambaye Tunu alimwita wakala. Mzigo ukitangazwa, mawakala wanaulizana wao kwa wao: nani ataubeba kwa uchovu mdogo? Kila mmoja anapiga hesabu zake: niko umbali gani, nina mafuta kiasi gani, nimeshabeba nini leo. Anataja namba. Namba hiyo wakaiita uchovu. Mwenye uchovu mdogo anachukua mzigo, na wengine wanasonga mbele. Hakuna bosi, hakuna kompyuta kubwa mahali fulani inayoamua. Simu moja ikizima, zilizobaki zinaendelea kuelewana. Na dereva aliyeamka vibaya alikuwa na kitufe cha kubonyeza, "Nimechoka," wakala wake akaongeza namba.

"Wakala wako ni wewe," Tunu aliwaambia siku ya kwanza. "Hasemi neno ambalo hukumfundisha."

Madereva waliipenda sentensi ile. Waliirudia kwenye vijiwe vya kahawa. Hata Vedasto aliikubali, maana naye aligundua kuwa bila kiti anaweza kupata mzigo kama mtu mwingine yeyote.

Ila sentensi ile haikuwa kweli. Mwongo alikuwa ni yule aliyeisema.

Mwezi wa tano, Tunu alimwona Mzee Yahaya Ntalikwa akishusha magunia ya mahindi. Mzee alishusha moja, akaliegemea, akafumba macho na mkono kiunoni. Alibaki hivyo kwa muda ambao mtu hapumziki bali anasubiri maumivu yamwache. Mzee Yahaya ni kaka wa marehemu baba yake Tunu. Tunu amesoma kwa hilohilo guta, na kabla ya guta kwa baiskeli, na kabla ya baiskeli kwa mgongo ule ule alioushika mzee pale. Tunu alirudi nyumbani, akafungua programu, akaandika mstari mmoja: mwenye simu akivuka umri wa miaka sitini, na mzigo ukiwa mzito au safari ndefu, uchovu wake uzidishwe mara tatu.

Hakumwambia mtu. Alijisikia vizuri sana, kama mtu aliyetoa sadaka gizani. Alidhani Baba Mkubwa atapata mizigo myepesi. Hakujiuliza mizigo myepesi ya Tabora inabebwa na nani. Inabebwa na bodaboda. Kinachokuja kwa maguta ni mahindi, saruji, matofali na ndoo za asali kutoka Ipole, na vyote hivyo ni vizito.

Kwa hiyo simu ya Mzee Yahaya ikawa inalia na kunyamaza. Kila ikilia inaandika maneno ambayo Tunu mwenyewe aliyatunga kwa adabu: *Shikamoo. Mzigo umepata mbebaji. Pumzika.*

Asubuhi ile ya shikamoo ndiyo ilikuwa siku ya wageni. Shirika moja kutoka Dar lilisikia habari za mawakala, likatuma watu waje waone. Wakipendezwa, mfumo utapelekwa miji mingine na Tunu atakuwa na kazi ya kumwonyesha mama yake. Alikuwa amevaa gauni la kitenge lililopigwa pasi mpaka likachoka.

Akiwa bado anatafuta mahali pa kuweka laptopu, akamwona Bi Mwanajuma, mke wa Mzee Yahaya, anavuka barabara na bakuli limefunikwa kwa kitambaa.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea matobolwa, nimeyachemsha na kuyakausha mwenyewe. Wape na wageni wako, wajue Tabora kuna viazi." Akamvuta pembeni, akashusha sauti. "Na nimekuja kukushukuru. Baba yako Mkubwa, tangu umemwekea hicho kitu chako, anatoka asubuhi kuliko zamani na anarudi magharibi. Zamani alikuwa anarudi mchana, anakaa tu. Sasa namuuliza, kazi ipo? Ananiambia, ipo, mpaka nachagua, hela naiwekea tairi mpya. Mungu akuongezee."

Tunu alishika bakuli. Alisema ahsante. Aliendelea kusema ahsante hata Bi Mwanajuma alipokuwa ameshavuka barabara, akagongana na mwanamke muuza mchicha, akamwambia naye ahsante.

Kisha akamfuata Sylvester, ambaye alikuwa kwenye banda la chai akipuliza kikombe.

"Kaka Sly, Baba Mkubwa anakwenda wapi mchana?"

"Ulikuwa hujui?" Sylvester aliweka kikombe chini. "Stesheni. Anaegesha guta kwenye kivuli, anakaa kwenye benchi la abiria. Mimi nilimwona nikipeleka vifurushi. Mara ya kwanza nikadhani anasafiri. Nikamwuliza, Mnyamwezi, unakimbia deni la nani? Akaniangalia, dada, akanyamaza. Mzee Yahaya! Kanyamaza! Akainuka akaenda kusoma ubao wa ratiba, na miwani yake hakuwa nayo."

"Sasa ninyi mnafikiri nini?"

"Tunafikiri kamfundisha wakala wake kukataa mizigo. Si ulisema wakala ni mtu mwenyewe? Mtu anayekataa kila mzigo amechoka na kazi au anaumwa, na hataki kusema. Tukakubaliana tusimguse." Akakuna shingo. "Mgonjwa namtania. Maiti namtania, hilo unalijua. Lakini mtu aliyeaibika, dada, nitamshika wapi?"

Hapo Tunu akaelewa. Aliona mambo yote mawili kwa pamoja. Wenzake wanadhani mzee kajitenga. Mzee, kwa sababu na yeye alisikia ile sentensi, anadhani wenzake wamewafundisha mawakala wao kumkataa. Kila upande unanyamaza kwa adabu. Na katikati umekaa mstari mmoja.

Tunu alikwenda nyuma ya banda, akafungua laptopu juu ya kreti la soda, akaufuta mstari ule. Akatuma mabadiliko kwenye simu zote. Ilichukua muda mfupi kuliko chai ya Sylvester kupoa. Akashusha pumzi. Leo mzee atapata mzigo, kesho atapata mwingine, na mambo yatajipanga yenyewe. Nani atajua?

Wageni walifika kwa gari jeupe. Kiongozi wao aliitwa Bi Levina, mama wa miaka hamsini hivi, kiatu cha chini, mwenye kusikiliza mpaka unajuta kwamba umeanza kusema. Nyuma yake kulikuwa na kijana wa kamera. Tunu alieleza. Mizigo miwili mitatu ikatangazwa, simu zikalia, mawakala wakaelewana, maguta yaliyokuwa karibu zaidi yakaondoka na kurudi. Vedasto alitoa hotuba ambayo hakuombwa, akidai wazo la kuondoa kiti lilikuwa lake.

"Na wewe, mzee?" Bi Levina alimgeukia Mzee Yahaya, aliyekuwa amekaa kwenye ukingo wa bodi la guta lake, kofia yake ya kufuma imenyooka. "Wewe ndiye mkubwa hapa. Mfumo huu umekusaidiaje?"

Kamera ikamgeukia.

Mzee Yahaya aliinuka. Alimtazama Tunu kidogo, kwa jicho lile la mtu anayemtazama mtoto wake akiwa jukwaani kwenye sherehe ya shule.

"Umenisaidia sana," alisema. "Huyu ni binti yangu, nisije nikaonekana namsifia. Lakini kazi ipo. Nabeba kuliko zamani. Mpaka nachagua."

Dereva mmoja alishika kishikio cha breki akakiminya na kukiachia, akakiminya na kukiachia. Vedasto, mtu ambaye hajawahi kuiona ardhi kwa sababu ya tumbo lake, aliitazama ardhi.

Na mzee aliwaona. Aliona kwamba wote wanajua anadanganya. Akaketi polepole, mkono mmoja ukitafuta ukingo wa bodi bila kuupata.

Tunu alifikiri: nikinyamaza sasa hivi, atabeba uongo wangu mpaka nyumbani, na atauita wake.

"Si kweli," alisema.

Sauti ilitoka ndogo. Bi Levina akasogea. "Umesemaje?"

"Si kweli. Baba Mkubwa hajabeba mzigo wowote tangu mwezi wa tano. Mimi ndiye niliyemzuia." Mikono yake haikujua pa kukaa, aliiweka juu ya bakuli la matobolwa, akaiondoa. "Niliandika mstari. Mwenye umri mkubwa, uchovu wake uzidishwe. Nilimwona kiuno kinamuuma. Wakala wake alikuwa anasema namba ambayo si yake. Hawa wenzake hawakumkataa. Hawakuwa wanajua. Na yeye hakukataa kazi. Ni mimi. Nimeufuta leo asubuhi, nikategemea kwamba sitasema."

Kijana wa kamera alimtazama Bi Levina. Bi Levina akatikisa kichwa, kamera ikashuka.

Mzee Yahaya akasema, si kwa Tunu bali kwa guta lake, "Kwa hiyo si wao."

"Si wao, Baba Mkubwa."

"Mimi nimekaa pale stesheni nikiwahesabu hawa mmoja mmoja. Nikasema, Vedasto huyu, nilimnyima sigara. Nikamwondoa, si yeye. Nikasema Sylvester, basi utani wote ule ulikuwa chuki. Nikamrudisha, nikamwondoa tena. Nimewamaliza wote. Kila mmoja nimemdhania ubaya, na kila asubuhi nawapa mkono." Akameza mate. "Wewe sikukuhesabu."

"Nisamehe. Nilikuhurumia."

"Ungeniuliza."

Alilisema neno hilo bila ukali, na hapo ndipo machozi yalipomtoka Tunu, mbele ya wageni, juu ya kitenge chake. Alitaka mzee apige kelele. Mzee alitoa leso mfukoni, akafuta kioo cha simu yake, akairudisha leso. Hakumpa.

Basi simu zikalia.

Ulikuwa mzigo wa Ipole: ndoo za asali za kikundi cha wafuga nyuki, zipokelewe huko na zifikishwe Tabora mjini. Ni safari ndefu ya msituni, vumbi mpaka kwenye meno, lakini ndiyo safari ambayo kila dereva anaiota, maana malipo yake yanatosha kumnyamazisha mwenye nyumba. Kwa kawaida pangekuwa na kelele. Safari hii kila mtu aliinama kwenye simu yake kimya, na vidole gumba vikafanya kazi.

Simu ya Mzee Yahaya ikaandika: *Umepata mzigo.*

Aliisoma. Akaisoma tena. Halafu akainua kichwa akawatazama, mmoja baada ya mwingine, na Tunu akaona uso wa mzee unabadilika rangi kwa namna ambayo haikubadilika hata kwa kukiri kwake.

"Nani amebonyeza 'Nimechoka'?"

Akamgeukia mwenyekiti.

"Vedasto. Umechoka na nini? Tangu asubuhi umebeba kikombe na hotuba."

"Mzee, mimi kichwa tu, kidogo..."

"Nionyeshe simu."

Vedasto aliificha nyuma kama mwanafunzi. Mmoja akacheka puani, akajizuia.

"Wote mmechoka!" Mzee Yahaya alisimama sasa. "Huyu binti alinifanyia peke yake kwa siri, na ninyi mnanifanyia kwa pamoja mbele ya wageni. Tofauti ni nini? Narudisha mzigo. Uzunguke upya. Na mtu akijichosha tena, wallahi, nitalala mlangoni kwake."

Akabonyeza. Mzigo ukarudi. Simu zote zikalia tena.

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza. Madereva waliangaliana. Ni vigumu kushindana na mtu uliyemdhulumu bila kujua. Mkono unakuwa mzito. Tunu alimwona Sylvester amesimama na kidole juu ya kioo, jasho limemtoka juu ya mdomo, anamtazama mtani wake. Guta la Sylvester lilikuwa na tairi mpya na tangi limejaa. Kwa haki yoyote safari ile ilikuwa yake. Aliondoa alama ya uchovu. Wakala wake akasema namba ya kweli.

Simu ya Sylvester ikalia. Ya Mzee Yahaya ikaandika: *Shikamoo. Mzigo umepata mbebaji. Pumzika.*

Bi Levina alishika mkoba wake kwa mikono miwili.

"Pole, Mnyamwezi," alisema Sylvester. Sauti ilianza kwa kutetemeka, ikashika njia katikati. "Ipole inataka watu wenye meno. Wewe kaa hapa, nitakuletea masega ulambe. Na ukitaka asali yenyewe, utapanga foleni kama mjane."

Mzee Yahaya alimkazia macho. Mabega yake yalianza kutikisika, na kwa muda Tunu alidhani analia. Kisha kicheko kikamtoka, kikavu, kikakohoa, kikaanza tena.

"Mgogo, umepata kazi," alisema akijifuta macho. "Ukifika msituni usisahau ni asali unayochukua. Mikono yenu ikizoea kuomba, inaweza kuomba nyuki."

Madereva walilipuka. Vedasto alicheka mpaka akashika guta la mtu. Waliinuka, wakaanza kusukumana, kila mmoja akidai namba yake ilikuwa ya kweli tangu mwanzo, na uongo huo wakausema kwa furaha.

Bi Levina alimpa Tunu mkono. "Tutawasiliana," alisema, kwa ile namna ambayo mtu anajua kuwa simu haitapigwa. Kisha akasita. "Ulichokisema pale kilikuwa kigumu."

"Ndiyo," alisema Tunu. Aibu haikuondoka na gari jeupe. Ilibaki naye pale pale, imemkalia kifuani.

Saa sita haijafika, saruji ya kwenda Itetemia ikatangazwa. Wakala wa Mzee Yahaya alitaja namba yake, na kwa kuwa mzee alikuwa amepumzika kuliko wote, ikawa ndogo kuliko zote. Hakuna aliyeigusa. Mzee alivaa miwani, akasoma, akaikunja, akaanza kupanga kamba.

Mifuko ilikuwa imepangwa kando ya ukuta wa duka. Tunu alikwenda akashika mmoja, akajaribu kuuinua. Uliinuka upande mmoja tu, vumbi la saruji likamwagika kwenye kitenge. Mzee Yahaya alimwita mpakiaji wa duka kwa mluzi, wakapakia wawili, mzee akipumzika kila alipotaka kupumzika, mkono kiunoni, bila kumficha mtu.

Alipomaliza akapanda, akawasha. Tunu alikuwa amesimama mbele ya tairi, mikono ya kijivu.

"Baba Mkubwa..."

"Umesimama njiani," alisema Mzee Yahaya.

Tunu akasogea. Guta likapita.